Jiwe la Mpaka

Tangu Oktoba namtesa Anzor.
Nilianza na mto: niliufurisha Rioni usiku wa manane,
ukabeba daraja, kuku kumi na mmoja,
na kile kibanda alichokaa akilinda reli.
Akaokoka. Akakung'uta buti, akasubiri niseme lingine.
Nikampa deni. Nikampa jino bovu,
na mkubwa wa kazi mwenye masharubu ya kupaka rangi.
Nikampa ndugu, Malkhaz, wagombee mizabibu ya baba yao,
maana ndugu wakigombana shika jembe ukalime;
nami nikashika kalamu, nikalima kurasa mia mbili na nne,
nisivune hata zabibu moja chachu.

Kutaisi baridi hupita chini ya mlango bila kubisha.
Naandika jikoni, soksi mbilimbili, tanuri likiwa wazi.
Ghorofa ya juu Bwana Otia anatoboa ukuta tangu asubuhi.
Namwonea wivu: yeye akisukuma, kitu kinaingia.
Eteri, mhariri wangu, alinirudishia sura tano
na neno moja pembeni: *Halafu?*
Kaliandika kwa penseli. Nadhani ni huruma.

Jana usiku sikuwa macho wala usingizini.
Anzor alisimama kando ya jokofu, buti zimekauka, akanena:

    Umenipa maji mengi, na ndugu mwenye hasira,
    Na deni la siku nyingi, na riba inayofura,
    Adui zangu ni wengi, mmoja hujamchora,
    Yumo ndani ya fulana, anavaa jina langu.

Nikawasha taa.
Nikamvua koti la ukurasa wa kwanza.
Nikamvua sweta aliyofumiwa na mke
niliyemuua sura ya tatu kwa kukosa la kumfanyia.
Nikafika kwenye fulana, nikafika kwenye ngozi,
na pale kiganjani, kovu
nisilokumbuka kuliandika.

Ana miaka kumi na tisa. Ni Machi, udongo umelegea.
Malkhaz yuko jeshini, anatuma barua zenye makosa ya tahajia.
Anzor anang'oa jiwe la mpaka kwa mtaimbo, unamteleza, unamchana,
halafu analikumbatia kama mtoto mgonjwa
na kulipeleka hatua saba upande wa ndugu yake.
Mbwa hakubweka. Alimjua.

Miaka thelathini anakula zabibu za hatua saba.
Kila vuli anazimimina katika mtungi uliozikwa hadi shingoni,
anaufunika, na chini huko kitu kinachemka bila moto.
Chupa mbili zilizo bora humpelekea Malkhaz.
Mahakamani ameapa kwa mkono uleule.
Na, hili ndilo lililoniondoa kitandani,
anampenda. Anampenda ndugu yake
kuliko alivyowahi kumpenda yule mke wa sweta.

Kwa hiyo mto sikuufuta.
Nimeurudisha, ila kuku nimewaacha hai.
Sasa maji yanakuja kwa kazi moja tu:
yakwangue shamba, mstari kwa mstari,
mpaka lionekane shimo la zamani,
la mraba, lenye kifusi ambacho baba alishindilia kwa kisigino.
Malkhaz ng'ambo hii na kurunzi, Anzor ng'ambo ile,
maji magotini, na wote wawili wanatazama shimo.
Nje hakuna aliyebaki wa kupigana naye.

Nimekwama hapo tangu saa tatu.
Keekee ya Bwana Otia imenyamaza;
vumbi jeupe linadondoka kutoka darini, linaelea kwenye chai.
Simu inatetemeka juu ya meza. Ni Tsiala, dada yangu,
mara ya nne wiki hii, kuhusu nyumba ya mama.
Natazama jina lake likiwaka, likizimika.
Naifungia simu kwenye droo ya vijiko.

"Sema wewe kwanza," namwambia Anzor.